Mawe ya Torleif

Hønefoss, 3 Machi 1974

Kwa mkwe mwenzangu Bodil,

Pokea salamu kutoka Norwe, ambako theluji bado imefika kwenye madirisha na mimi ni mzima kama farasi wa kukokota magogo. Barua nzuri sijui kuandika, nilisoma mpaka darasa la saba tu kisha nikaenda kupanga karatasi kiwandani, lakini mwanangu Audun ni injinia wa madaraja huko Bergen, kwa hiyo elimu imeingia nyumbani kwetu hata kama mimi ilinipita mlangoni.

Sasa. Watoto wetu wanaoana Pentekoste. Zimebaki siku tisini na moja, nimezihesabu kwenye kalenda, na wewe na mimi hatujawahi kuonana hata sura. Hii si sawa. Merete wako nimeshamwona mara mbili, ni binti mzuri, anakula vizuri, lakini mtu haozi mtoto kwa watu asiowajua. Kwa hiyo njooni kwetu Pasaka, wewe na mume wako Poul pamoja na Merete. Tutapanda kwenye kibanda chetu cha mlimani, Jumatano hadi Jumatatu. Rafiki yangu Borgny atakuwepo pia, naye ni mcheshi ukimzoea.

Kibanda hicho marehemu mume wangu Torleif alikijenga kwa mikono yake, na mbao zote nilizibeba mimi mgongoni kutoka stesheni ya treni. Mfalme mwenyewe hana mandhari kama ile. Ijumaa Kuu tutafanya matembezi mafupi mpaka kwenye mawe ya Torleif. Ni rundo la mawe alilolijenga huko juu, na utaratibu wa ukoo wetu ni kwamba anayeolewa kwetu huenda kuweka jiwe lake pale. Asipoweka, sisi hatumhesabu. Torleif alikuwa mtu wa mlima hasa, hakuwahi kugeuka njiani na kurudi maisha yake yote, na Audun ni yeye mtupu. Mtoto huyu alijua kuteleza kwenye theluji kabla hajajua kujifunga vifungo vya suruali.

Jibu upesi.
Wako,
Gudveig Brenno


Aarhus, 14 Machi 1974

Mpendwa Gudveig,

Barua yako ilifika asubuhi wakati duka limejaa wateja, nikaisoma kwa sauti hapo kaunta, na Bi Mogensen wa ghorofa ya pili ameshaanza kumwonea Merete wivu kwa kuolewa kwenye ukoo wenye mlima wake.

Tutakuja kwa furaha. Ila nakuomba unielewe: sisi ni watu wa tambarare. Hapa Denmaki kilima tukiitacho mlima, Poul hukipanda akipumzika mara mbili, na akifika juu huuliza kahawa iko wapi. Yeye ni mwoka mikate, mkwe wangu, amesimama mbele ya tanuri miaka thelathini, na magoti yake yanajua hivyo.

Basi niambie. Hayo matembezi mafupi ni mafupi kiasi gani? Nilete viatu gani? Bafu liko ndani? Duka liko mbali? Poul ataleta keki tatu na bia kidogo, nami nitaleta mishumaa, maana likizo bila mishumaa si likizo.

Wako mwenye hamu ya kukuona,
Mkwe mwenzako Bodil


Hønefoss, 22 Machi 1974

Mkwe wangu Bodil,

Maswali mengi hivyo ya nini? Njooni tu.

Matembezi ni mafupi, nimekwambia. Borgny ana miaka sitini na minne na hutembea hivyo kabla ya chakula cha mchana. Viatu leta vya kawaida, mbao za kutelezea nitawaazimia kwa majirani. Duka usiwaze, siku hizo zote maduka yamefungwa, na mimi nimeshanunua machungwa kreti nzima, chokoleti, nyama ya kondoo na jibini ya kahawia kipande kikubwa kama tofali. Bafu? Mlima wenyewe ni bafu!

Audun amefurahi mno. Hasemi, yeye si msemaji, lakini mama anajua.

Gudveig


Hønefoss, 17 Aprili 1974

Kwa Bodil,

Sikutaka kuandika kwa hasira. Nimeingoja hasira ipoe tangu Jumamosi mlipoondoka, siku nne sasa, na haijapoa, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Kwenye kifurushi hiki kuna kofia ya Poul, mishumaa kumi na minne, na ile mashine yako ya kukaushia nywele ambayo uliibeba mpaka kwenye kibanda kisicho na umeme. Kilomita nne kutoka stesheni, Audun aliibeba mgongoni, akadhani ni chakula.

Najua Poul ameumia mguu na nimesikitika, Mungu ananiona. Lakini mlima ni mlima. Hali ya hewa sikuileta mimi. Mtu akianguka Norwe hatumwiti polisi.

Ila mengine lazima niyaseme yasije yakaniozea moyoni. Kuni za birchi za wiki nzima uliziteketeza kwa siku moja, tena mlango ukiwa wazi. Jibini yangu Poul aliikwangua upande mmoja tu mpaka ikawa mteremko, kipande kile watoto wangeweza kuteleza juu yake. Kwetu anayeacha jibini namna ile huwa hajalelewa, au kalelewa na wanaume. Halafu kile kitabu. Unajua Borgny huja kila Pasaka na kitabu kipya cha upelelezi, anatusomea sura tatu kila jioni, sote tunakisia muuaji ni nani, na hiyo ndiyo furaha yetu mwaka mzima. Wewe Alhamisi asubuhi ukafungua ukurasa wa mwisho, ukatoka nao mezani: “Kumbe ni yule mganga wa mifugo!” Borgny hakusema neno mpaka Ijumaa mchana. Miaka thelathini sijamwona kanyamaza hivyo, hata kwenye mazishi ya mumewe.

Na haya yote ningeyameza. Lakini Jumamosi mliinuka, mkavaa, mkatoka, na hakuna hata mmoja wenu aliyesema asante kwa chakula. Siku tatu mmekula mezani kwangu. Mtoto wa miaka miwili akishuka kwenye kiti husema asante kwa chakula. Mwizi akila jikoni kwako husema asante kwa chakula. Nilisimama mlangoni nikingoja, mkono kwenye aproni, na nyie mkaenda.

Tafadhali mwambie Merete amwandikie Audun. Amempigia simu mara tatu na kila mara anaambiwa binti yuko tanurini. Binti ni msaidizi wa daktari wa meno, tanurini anatafuta nini?

Pentekoste ni wiki sita na siku nne.

Gudveig Brenno


Aarhus, 24 Aprili 1974

Bi Brenno,

Kofia imefika. Mishumaa mngebaki nayo, nyie ndio mnaohitaji mwanga.

Umeandika kurasa mbili kuhusu jibini na nusu mstari kuhusu mguu wa mume wangu. Basi nikupe habari za mguu. Mfupa wa kifundo umevunjika mahali pawili. Uko ndani ya plasta mpaka gotini, na plasta haitoki kabla ya Juni. Vidole viwili vya mguu wa pili havina hisia kwa baridi. Anaoka akiwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, na anafanya mzaha kwa wateja, na akidhani simwoni hujishika kichwa.

Nilikuuliza matembezi ni mafupi kiasi gani. Nilikuuliza kwa maandishi! Nimekuja kugundua kwenye ramani iliyo ukutani mwa kibanda chako: kilomita kumi na moja kwenda tu. Na kando ya ramani hiyo kuna karatasi ya sheria za mlimani, nimeisoma mara mia Ijumaa ile nikiwa dirishani na Borgny, tukingoja. Sheria ya mwisho: geuka mapema, kugeuka si aibu. Mmeibandika wenyewe, kwa misumari minne. Kumbe ni pambo?

Sisi watu wa tambarare hatujui mlima. Ndiyo maana tulimfuata anayeujua. Kwa saa tano nzima mume wangu na mwanangu wamelala ndani ya shimo la theluji mpaka waokoaji wakaja na kitanda chao cha kukokota. Na waliporudi, niliuliza mbele ya kila mtu: “Nani aliamua kusonga mbele kwenye hali ile?” Audun akajibu: “Mimi.” Neno moja tu. Wala hakuniangalia.

Merete amevua pete. Iko kwenye kikombe juu ya kabati. Anasema anaweza kuishi na mwanamume mkimya, anaweza kuishi na mwanamume wa milima, lakini hawezi kuolewa na mtu aliyeona midomo ya baba yake inageuka buluu na bado akataka kujionyesha. Mimi sikumshawishi. Nilimpenda Audun, ukitaka kujua. Alinibebea mashine yangu ya nywele bila kuuliza.

Unataka shukrani za chakula. Ningekushukuru kama koo langu lingefunguka.

Bodil Thygesen


Hønefoss, 28 Aprili 1974

Audun mwanangu,

Bodil ameniandikia. Pete iko kwenye kikombe! Pete ya bibi yako!

Wewe una wazimu? Nani alikutuma kusema ni wewe? Ungenyamaza. Ungesema ni hali ya hewa, ungesema sote tuliamua, ungesema hata ni Poul, yeye ni mtu wa mzaha asingejali. Mtoto msomi mzima, unajenga madaraja ya watu, halafu lako mwenyewe unalibomoa kwa neno moja!

Mwandikie Merete leo. Leo hii, si kesho. Mweleze vizuri, wewe una maneno ukitaka. Borgny kashaniuliza avae nini harusini na nimemwambia ile nguo ya kijani. Watu wote wa kiwandani wanajua. Nimewaambia ukumbi utakuwa na maua ya kila meza.

Unakula vizuri? Soksi zimefika?

Mama


Bergen, 2 Mei 1974

Mama,

Soksi zimefika, asante.

Umeniuliza kwa nini nilisema ni mimi. Bi Bodil aliuliza, na wewe ulikuwa umesimama jikoni umetupa mgongo, unakoroga supu. Nilingoja. Nilihesabu mpaka ishirini kichwani. Supu ilikuwa imeshaiva, Mama, ulikuwa umeshaiondoa motoni. Ukaendelea kukoroga.

Mtu lazima ajibu akiulizwa. Basi nikajibu.

Merete sitamwandikia. Nikimwambia ukweli nitakuwa nimemwanika mama yangu mbele ya wakwe ili nijiokoe mimi. Nikimwambia uongo nitakuwa nimemwoa kwa uongo. Nimetafuta njia ya tatu wiki mbili hizi na sijaiona, na kazi yangu ni kutafuta njia.

Sikukasirikii. Nimechoka tu.

Audun


Hønefoss, 7 Mei 1974

Kwa Bodil,

Hii ni barua ya nne. Tatu nimezitia kwenye jiko. Ya kwanza ilikuwa ya kukujibu kuhusu jibini, na ilikuwa nzuri sana, ungekoma.

Nataka ujue kwanza kwamba Audun alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu miaka sita mfululizo, na kwamba alipokuwa na miaka kumi na moja alimvuta mtoto wa jirani kutoka kwenye barafu ya mto. Nakwambia haya si kwa kujisifu. Au ni kwa kujisifu, lakini pia uyaweke akilini ukisoma yanayofuata.

Ijumaa ile tulifika kwenye mawe ya Torleif saa sita na nusu. Merete aliweka jiwe lake, akalichagua jeupe, akalifuta kwa glovu kama yai. Poul alikuwa nyuma yake anapumua kama mvukuto wa mhunzi, lakini anacheka. Mawingu yalikuwa yamekuja kutoka magharibi, ya kijivu chini, na mimi mawingu hayo nayajua tangu nimezaliwa. Audun akaja kwangu pembeni. Akasema: “Mama, jiwe limewekwa. Tugeuke sasa.”

Nikamwambia: “Kilele kile pale! Hata paka angefika.”

Akasema: “Bwana Poul amechoka. Na tazama huko.”

Na mimi nikamwambia, Bodil, kwa sauti ya chini ili wenu wasisikie, nikamwambia: “Nimewaandikia watu hawa kwamba baba yako hakuwahi kugeuka na wewe ni yeye. Leo ndiyo unataka kuniaibisha mbele ya Wadenmaki?”

Alinitazama. Kisha akafunga kamba za mbao zake, akaenda mbele. Alipoanguka Poul mimi niliteremka kuita waokoaji, na ni yeye aliyechimba lile shimo, kwa sahani ya kulia chakula na mikono, na koti lake alimvika Poul, na alikaa yeye upande wa upepo. Hilo Merete alilijua, alikuwepo. Asilolijua ni nani alimsukuma.

Ni mimi. Uliuliza nani aliamua, na mimi nilikuwa nakoroga supu. Niliisikia kila herufi ya swali lako. Nilijiambia nitageuka nikishamaliza kukoroga. Halafu mtoto akajibu, na nikashukuru. Hapo ndipo pananichoma, Bodil. Nilishukuru.

Na bado kuna jingine, na ukilisoma hili unaweza kulisoma kwa sauti hapo kaunta, Bi Mogensen naye asikie.

Yale mawe hayako kileleni, uliona mwenyewe kwenye ramani. Hujajiuliza kwa nini? Mtu gani anajenga rundo la mawe katikati ya mteremko? Ilikuwa Pasaka ya kwanza baada ya vita. Kibanda kilikuwa na kuta tatu tu. Tulipanda mimi na Torleif, na mimi nilikuwa na Audun tumboni, miezi minne. Tulipofika pale upepo ukabadilika kidogo, kidogo tu, na Torleif akasema: “Hapa panatosha. Tunageuka.” Mimi nikamgombeza. Nilimgombeza kutoka pale mpaka chini, nikamwita kuku, nikamwita mshona nguo. Kiangazi alipanda peke yake akajenga lile rundo, na nilipomuuliza la nini, akasema: “Ili nisisahau mahali nilipofanya jambo la maana.”

Torleif aligeuka kila mwaka, Bodil. Mwenye mlima alikuwa ni mtu wa kugeuka. Kile kilele alikifika mara mbili labda. Mimi ndiye niliyemfanya shujaa asiyegeuka, baada ya kumzika, kwa sababu mjane akisema “mume wangu alikuwa mwangalifu” hakuna anayenyamaza kumsikiliza. Na mtoto wangu nimemlea kwa hadithi hiyo, naye kwa heshima hakuwahi kuniambia kwamba anakumbuka vingine.

Sasa mpe Merete barua hii. Audun hajui kama naiandika. Asipotaka kurudisha pete, sawa, lakini aikatae kwa kosa la Audun mwenyewe, si kwa kosa langu.

Harusi ikiwepo nami nisialikwe, nitaelewa. Nitakaa nyumbani na Borgny na nguo yake ya kijani.

Mwambie Poul kwamba jibini aliikwangua vibaya lakini keki zake, ile ya lozi hasa, sijawahi kula kama ile, na sikusema.

Gudveig


Aarhus, 16 Mei 1974

Mpendwa Gudveig,

Merete aliisoma barua yako mara mbili, ya pili akiwa wima. Kisha akaingia chumba cha nyuma kwenye simu ya duka, akafunga mlango. Alikaa humo dakika arobaini na tano. Foleni ilifika barabarani na mikate ya maziwa ikaungua, kwa sababu Poul alikuwa amesogeza kiti chake mpaka mlangoni apate kusikia, na hakusikia kitu. Binti alipotoka macho yalikuwa mekundu, akapanda juu ya kiti, akashusha kikombe kutoka juu ya kabati.

Mimi bado nina hasira nawe. Usidhani imeisha. Nilikuwa nimekaa kwenye dirisha lile kwa saa tano nzima. Nadhani itadumu mpaka kama Krismasi hivi. Lakini ni hasira ya mtu ninayemjua sasa. Ile ya kwanza ilikuwa ya mgeni.

Barua yako sikuisoma kaunta. Nimemwambia Bi Mogensen kwamba umeandika kuhusu maua.

Basi: Pentekoste ni tarehe mbili Juni, saa nane mchana. Kanisa liko mita mia mbili kutoka kwetu, tambarare njia nzima, nimepima kwa hatua ili usije ukaniuliza. Choo kiko ndani. Utakaa mbele, kiti cha kwanza kushoto, na Borgny aje na nguo yake ya kijani. Mwambie nimemnunulia kitabu, na nimebandika gundi kurasa za mwisho. Poul atacheza na bibi harusi akiwa na plasta yake, daktari amekataza lakini daktari hajaalikwa. Anasema pia nikwambie kwamba Pasaka ijayo akialikwa atakuja, kwa sababu naye anataka kuweka jiwe kwa mzee Torleif. Mpaka pale pale, anasema, na hatua moja mbele hapigi.

Limebaki moja. Tuliondoka kwako bila kusema lililopaswa kusemwa, na mama yangu angenipiga kofi. Kwa hiyo, kwa kondoo wa Jumatano, na machungwa ya Alhamisi, na ile supu ya Ijumaa uliyoikoroga muda mrefu kiasi kile, ambayo naungama ilikuwa nzuri:

Asante kwa chakula.

Mkwe mwenzako,
Bodil